Tukihamia Simu ya Intaneti, Tusitupe Kitochi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa Milanzi, Sumbawanga)

 

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Tutazungumza juu ya simu. Tulipokutana mara ya mwisho, mama mmoja alituuliza swali. Mwanawe anaishi Dar es Salaam. Alimwambia hivi: "Mama, achana na hicho kitochi. Nitakuletea simu janja, tuwe tunaongea kwa intaneti. Laini ya kawaida inakula hela bure." Mama akatuuliza, "Je, nikubali?"

Wenzetu wa kikundi cha ghala nao wana swali kama hilo. Wanataka simu ya mezani ofisini kwao. Wameambiwa kwamba siku hizi simu ya mezani inaweza kuja kwa intaneti, bila ule waya wa shaba wa zamani. Wanauliza, kuna tofauti gani? Simu si simu?

Tulikaa, tukalijadili jambo hili. Tunawapa jibu mapema kusudi mtu asisinzie akilingoja. Jibu letu ni hili: mkubali, lakini msitupe kitochi. Sasa tueleze kwa nini.

Kwanza tuitazame simu ya waya. Wazee wanaikumbuka. Si kwamba ilikuwa nyumbani kwetu, la. Nani alikuwa nayo hapa? Ilikuwa mjini. Mtu alipofiwa na ndugu aliyekuwa mbali, alipata habari kwa simu ya maandishi, maneno machache tu, kwa maana kila neno lililipiwa. Ukitaka simu ya mdomo, ulikwenda posta mjini, ukaomba laini, ukakaa kwenye benchi ukingoje. Na misheni, polisi na hospitali walikuwa na simu ya upepo. Hiyo ndiyo ilikuwa hali.

Na waya wenyewe ulifika pande hizi zamani sana. Mwingereza mmoja, Cecil Rhodes, alitaka kuvuta waya wa simu ya maandishi kutoka Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika, mpaka Cairo huko Misri. Waya ule ulipita Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, ukafika Abercorn, ambayo leo ni Mbala, jirani zetu wa Zambia. Kisha ukapanda upande huu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji. Hapo ukakoma. Rhodes alikufa mwaka 1902, na Cairo waya wake haukufika. Kwa hiyo babu zetu waliona nguzo za simu karibu na ziwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ingawa nguzo hizo hazikuwekwa kwa ajili yao.

Baadaye simu ikawa chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, letu sote, Tanzania, Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua njia yake. Mwaka 1994 posta na simu zikatenganishwa hapa kwetu, na upande wa simu ukawa TTCL. Lakini simu za mezani hazikuenea. Katika nchi nzima hazikuwahi kufika laki tatu. Linganisheni na laini za simu za mkononi: kufikia mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa zimepita milioni 70. Ndiyo kusema wengi wetu tuliruka. Hatukupita kwenye simu ya waya kabisa. Kutoka simu ya upepo na posta tukaingia kwenye kitochi moja kwa moja.

Kwa sababu tuliruka, kuna jambo moja la simu ya waya hatukupata kulijua. Hili ndilo kiini cha mazungumzo ya leo, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Simu ya waya ilikuja na umeme wake.

Ndiyo. Ile simu ya mezani haikuchomekwa ukutani kwenye umeme wa nyumba. Waya ule mwembamba wa shaba ulileta sauti, na pia ulileta umeme kidogo, volti 48, kutoka kituo cha simu. Kituoni kulikuwa na betri kubwa kubwa. Umeme wa mji ukikatika, betri zile ziliendelea kufanya kazi. Nyumba ilikuwa giza, redio imezimika, lakini simu inalia. Mtu alinyanyua mkono wa simu gizani akazungumza. Hakuwa na haja ya kufikiri juu ya chaja.

Tena waya ule ulikuwa wa kwenu peke yenu. Ulitoka nyumbani mpaka kituoni. Ulipompigia mtu, mitambo iliunganisha waya wako na waya wake, njia ikafungwa kwa ajili yenu wawili mpaka mmalize. Na namba ilijulikana kwao ni wapi. Namba iliyoanza na 025 ilitoka pande hizi za Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Simu ya waya ilikuwa na nyumba yake.

Simu ya intaneti haifanyi hivyo. Fikirini gunia la mahindi. Badala ya kulipakia zima kwenye lori, unayapima kwenye makopo madogo. Kila kopo unaliandika namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Unawapa watu wa baiskeli, kila mmoja kopo moja, nao wanapita barabara ile ile pamoja na malori, mabasi na ng'ombe. Anayepokea huko mbele anayapanga makopo kwa namba zake, anamimina, gunia linarudi kama lilivyokuwa. Sauti yako inafanywa vivyo hivyo. Inakatwa vipande vidogo, mara nyingi vipande 50 kwa kila sekunde moja. Vipande vinapita kwenye barabara moja na picha za watu, mpira, muziki na mambo ya benki. Kule mbele vinapangwa tena. Kopo moja moja likipotea, hutambui. Yakipotea mengi, unasikia mtu anakatika katika: "Mama, nime... kesho... hela..." Hapo ndipo watu wanapoanza kupiga kelele kana kwamba mwenzao yuko ng'ambo ya mto.

Faida yake ni kubwa, hatukatai. Barabara moja inabeba kila kitu, ndiyo maana gharama inashuka. Mtu aliye Oman au Marekani anaongea na mama yake aliye hapa Milanzi bila kulipa fedha za simu ya nje ya nchi. Mnaonana hata uso. Mjukuu ambaye hujamshika unamwona anacheka. Nani atalikataa jambo hilo?

Haya, tufanye hesabu kidogo, maana sisi ni wanakisomo. Kuongea kwa WhatsApp, kwa sauti tu bila picha, kunakula kiasi cha nusu MB mpaka MB moja kwa dakika. Tuchukue MB moja, tusijidanganye. Ukiwa na bando la MB 300, utaongea dakika 300. Hizo ni saa 5. Ni nyingi! Lakini ukiwasha na picha, inakula mara kadhaa zaidi. Halafu kuna kijana wa nyumbani aliyeichukua simu "kidogo tu" akaangalia video za mpira. Jioni mama anataka kumpigia mwanawe, bando limekwisha. Kwa hiyo unafuu upo, ila hesabu yake haikai kwenye kupiga simu peke yake. Inakaa kwenye nyumba nzima. Mwenye simu ajue nani anaishika.

Sasa turudi kwenye umeme. Simu ya intaneti haiji na umeme wake. Wenzetu wa ghala wakiweka simu ya mezani ya intaneti, watapewa kisanduku kinachoitwa ruta. Ruta inakula umeme wa ofisi. Umeme ukikatika, ruta inazima, na simu inakufa saa hiyo hiyo. Na umeme wa huku tunaujua. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetumia umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala, na mvua za radi za Ufipa hazina urafiki na nguzo. Kikundi kikikubali simu hii, kikubali pia kununua betri au sola ndogo ya kuiwasha ruta. Bei ya betri iandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, isije ikaonekana baadaye kuwa ni jambo jipya. Tumeona makadirio mengi yaliyosahau kitu kimoja kidogo.

Msidhani taabu hii ni ya wanyonge wa vijijini tu. Huko Uingereza wanazima simu zote za waya wa shaba na kuwahamishia watu kwenye simu ya intaneti. Nchi ile ina wazee wengi wanaoishi peke yao. Huvaa kengele ya dharura shingoni au mkononi. Mzee akianguka anabonyeza, na kengele inapiga simu kupitia waya wa nyumbani. Walipohamishwa, kengele za baadhi ya wazee zikashindwa kuita. Mambo yalikuwa mazito mpaka Desemba 2023 kampuni za simu zikaahidi mbele ya serikali kwamba hazitawahamisha watu kama hao kwa nguvu bila kuhakikisha wako salama. Na tarehe ya kuzima, iliyokuwa mwisho wa mwaka 2025, ikasogezwa mpaka Januari 2027. Nchi tajiri kama ile, na walichosahau ni kitu hiki hiki: umeme wa ndani ya waya.

Tena kuna barabara yenyewe. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. WhatsApp ikawa inazunguka tu. Lakini mtu mwenye kitochi alimpigia ndugu yake wa Mbeya kama kawaida, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kwenda baharini. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Wenye watoto mbali wanajua walivyokaa siku zile. Aliyekuwa na namba ya kawaida ya mwanawe kichwani au daftarini alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na picha yake ndani ya WhatsApp tu, hakuwa na kitu.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, andika namba ya mwanao kwenye daftari. Andika kwa mkono wako. Ulijifunza kuandika kwa ajili ya mambo kama haya. Na hapa tuseme jambo la pembeni kidogo. Hizi simu janja zina kitu cha kurekodi sauti ukaituma. Ni kizuri, lakini tumeona wanakisomo wenzetu wameacha kabisa kuandika kwa sababu yake. Mtu aliyesoma miaka miwili, sasa anabonyeza na kusema "halo halo". Mkono unasahau upesi kuliko mnavyofikiri.

Turudi kwenye jambo letu. Kuna dharura, na hapa hatutaki mzaha.

Simu ya WhatsApp haipigi namba za dharura. Haipigi 112 ya polisi. Haipigi 114 ya zimamoto. Haipigi 115. Hata kampuni yenyewe inasema hivyo kwenye masharti yake, yale maandishi marefu ambayo kila mtu anabonyeza "nakubali" bila kusoma. Namba hizi unazipiga kwa simu ya kawaida, kwa laini ya kawaida. Na 115 tunataka kila mtu hapa aiweke kichwani. Ni namba ya mpango wa M-mama, uliozinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura, au aliyejifungua, au mtoto mchanga, unapiga 115. Kupiga ni bure. Wanatafuta gari, la wagonjwa au la mtu binafsi aliyeandikishwa, limfikishe hospitali.

Tuna jirani ambaye mkwe wake alishikwa na uchungu usiku wa masika, damu ikawa inatoka nyingi. Nyumba ile ilikuwa na simu janja mbili. Moja ilikuwa imezima tangu jioni kwa kuwa umeme haukuwapo, na ile nyingine ilikuwa na chaji kidogo, ikawa inatafuta mtandao. Kijana akawa anahangaika na WhatsApp kumtafuta shangazi yake ambaye ni muuguzi. Vipande vikawa vinapotea. Bibi wa nyumba ile ndiye aliyetoa kitochi chake chini ya mto. Kilikuwa na chaji ya siku ya tatu. Akasema, "Pigeni ile namba ya kliniki." Wakapiga 115, gari likaja. Mama yule yuko hai na mtoto yuko hai. Bibi huyo yumo humu ndani, amekaa nyuma pale, na hatutamtaja kwa sababu ametukataza.

Mmeona? Kitochi ndicho kilichochukua nafasi ya ule waya wa zamani. Hakina umeme wake kutoka kituoni, lakini kinakaa siku nyingi na chaji moja. Hakihitaji bando. Mtandao ukiwa dhaifu mpaka intaneti haipiti, sauti bado inapita. Anayelima mbali kuelekea Lyamba lya Mfipa anajua kuna mahali simu janja haipati intaneti hata ukiinyanyua juu kama mshale, lakini kitochi kinalia. Na fedha za simu pia unazituma na kuzipokea kwa kitochi bila intaneti.

Msitusikie vibaya. Hata kitochi kinaweza kukwama. Mnara nao unakula umeme, na betri zake zina mwisho. Tunalosema ni kwamba vitu viwili visikwame kwa sababu moja. Ukiwa na simu ya intaneti na laini ya kawaida, moja ikishindwa nyingine inaweza kusimama. Ukiwa na ya intaneti peke yake, umeweka mayai yako yote chini ya kuku mmoja, na kuku huyo anakula bando.

Halafu kuna wezi. Simu ya waya ilikuwa na nyumba, tumesema. Simu ya intaneti haina nyumba. Anayekuita anaweza kuwa Sumbawanga au nchi nyingine kabisa, na picha ya mwanao anaweza kuiweka mtu yeyote. Wote mmepata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ulianza kwenye simu za kawaida, sasa uko hata kwenye WhatsApp, na unakuja na picha ya mtu unayemjua. Ukipata maombi ya fedha kwa intaneti, usijibu kwa intaneti. Chukua kitochi, piga ile namba uliyoiandika daftarini, usikie sauti. Mwanao hawezi kukasirika kwa sababu umempigia. Na mtu akikuomba zile namba 6 zilizoingia kwenye simu yako, hata akisema ni za kampuni, usimpe. Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwa 15040 bure, nao wanaifuatilia namba hiyo.

Kwa wenzetu wa ghala, basi. Simu ya intaneti ofisini ichukueni. Wanunuzi wa mahindi wanapenda namba ya ofisi isiyobadilika kila katibu anapobadilika, na hilo ni jambo zuri. Wekeni betri. Wekeni pia kitochi kimoja cha kikundi, laini iwe imesajiliwa ipasavyo, na namba zote mbili ziandikwe mlangoni kwa rangi. Kabla ya kutia sahihi muulizeni mwenye kampuni maswali haya mbele ya wanachama: umeme ukikatika simu hii itafanya kazi kwa muda gani? Inapiga 112? Ikiharibika, fundi anatoka wapi, hapa mjini au Mbeya? Akijibu "msiwe na wasiwasi", mwambieni aandike huo wasiwasi kwenye karatasi.

Na kwa mama aliyeuliza swali, mwambie mwanao alete simu janja, umeshukuru. Ila akianza kukitafuta kitochi akitupe, mwambie kitochi kina kazi.

Tutapumzika kidogo sasa. Wenye simu njooni nazo hapa mezani, za aina zote mbili. Tutabonyeza *106# pamoja, kila mtu aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Ukiona namba usiyoijua, tutaiandika, na kesho tutakwenda nayo mjini. Na kila mtu atoe daftari, aandike 112, 114 na 115. Wasio na kalamu, ziko kwa mwalimu.